Usiku Njiani: Hadithi Mbili za Safari ya Jamaa katika Fasihi ya Wamarekani Weusi

Habari za safari si kitu kigeni katika maandishi ya Kiswahili. Kitabu cha Safari za Wasuaheli alichokitoa Carl Velten mwaka 1901, pamoja na maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe, vimejaa misafara, majina ya vituo, mali iliyopatikana na mali iliyopotea, na hongo iliyotolewa kwa mwenye nchi kabla ya msafara kuruhusiwa kupita. Katika habari hizo msafiri ni mtu mzima, aghalabu mfanya biashara, naye ajua kwa nini anakwenda na ni nani awezaye kumzuia. Msomaji aliyelelewa na maandishi ya namna hiyo hupata mshangao kidogo afunguapo hadithi ambayo wasafiri wake ni baba, mama na watoto wao ndani ya motokaa moja, mwisho wa safari yao ni nyumba ya bibi tu, na msimulizi wake ni mtoto asiyejua kwa nini baba hataki kusimama usiku kucha.

Hadithi mbili za namna hiyo zastahili kusomwa pamoja. Ya kwanza ni The Gold Cadillac ya Mildred D. Taylor, iliyotoka mwaka 1987. Ya pili ni The Watsons Go to Birmingham—1963 ya Christopher Paul Curtis, iliyotoka mwaka 1995. Zote mbili zilitungwa kwa ajili ya watoto, na yamkini hiyo ndiyo sababu ya kutotajwa sana katika vyumba vya masomo ya fasihi, ambamo kitabu cha watoto hudhaniwa kuwa ni kitabu kilichopungukiwa na kitu. Hapa kweli kuna kitu kilichopungua, nacho ni maarifa ya msimulizi. Lakini upungufu huo ndio chombo cha kazi, kama vile tundu la filimbi lilivyo pungufu ya mti na ndilo litoalo sauti.

Taylor alizaliwa Jackson, katika jimbo la Mississippi, mwaka 1943, akakulia Toledo, Ohio. Curtis alizaliwa Flint, Michigan, mwaka 1953, na kabla ya kujulikana kwa utungaji alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha motokaa mjini humo, akipachika milango. Basi mmoja aijua motokaa tangu utoto katika kiti cha nyuma. Mwingine aijua pia tangu ilipokuwa mabati yaliyopita mbele yake yakining'inia. Jambo hili si dogo kwa hadithi ambazo motokaa ndiyo nyumba yake, na nusu ya mambo makubwa yaliyomo hutokea kati ya kiti cha mbele na kiti cha nyuma.

Ili safari hizi zieleweke, yafaa kukumbuka jinsi watu wenyewe walivyotawanyika. Kati ya miaka ya 1910 na mwaka 1970 Weusi kiasi cha milioni sita walihama kusini mwa Marekani wakaenda kutafuta kazi na usalama katika miji ya kaskazini na magharibi. Vijana ndio walioondoka. Wazee wengi walibaki na mashamba yao, makanisa yao na makaburi yao. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Flint au Toledo alikuwa na kwao pawili: mahali alipolala kila siku, na mahali ambapo mama yake alipataja kila alipokasirishwa na baridi. Kwenda kusini wakati wa likizo kulikuwa ni kwenda kwao. Lakini njia ya kwenda huko ilipita katika nchi ambamo hoteli, mikahawa na hata vyoo vya vituo vya petroli vilifungwa mbele ya mtu mweusi, huku kwa sheria, huku kwa desturi, huku kwa bunduki. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, mpeleka barua aliyekuwa akikaa Harlem, alianza kutoa kitabu cha kuwaongoza wasafiri Weusi, kilichoorodhesha nyumba ambazo wangeweza kulala na meza ambazo wangeweza kula bila kutukanwa. Kitabu hicho kiliendelea kutolewa mpaka miaka ya 1960. Sheria ya Haki za Raia, iliyokataza ubaguzi katika mahoteli na mikahawa, ilitiwa sahihi tarehe 2 Julai, 1964. Safari ya Taylor ni ya mwaka 1950, na ya Curtis ni ya mwaka 1963. Zote mbili zimetangulia tarehe hiyo, na mwenye kuendesha gari usiku kucha katika hadithi hizi hafanyi hivyo kwa haraka wala kwa majivuno: hana pa kulala.

Yatazamwe kwanza mapishi. Katika hadithi ya Taylor baba anunua Cadillac mpya ya rangi ya dhahabu bila ya kushauriana na mkewe, hali fedha zilikuwa zikiwekwa kwa ajili ya nyumba. Mama akasirika, akataa hata kuipanda. Baba aazimia kuipeleka Mississippi kuwaonyesha wazazi wake. Ndugu wamwonya: mtu mweusi ndani ya gari kama hilo katika nchi kama ile! Walakini hashawishiki, na mwisho mama mwenyewe aamua kwenda, na ndugu nao wafuatana naye kwa magari yao. Hapo mama na shangazi waingia jikoni, wapika kuku, mikate na keki, chakula cha kutosha karamu. Msichana asimuliaye, aitwaye 'lois, aona furaha tupu. Kwake hiyo ni tafrija ya njiani.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki atakipita kifungu hiki upesi, maana kwake kapu la chakula safarini ni jambo la kawaida. Ni ukarimu wa mama, na mtu asiyebeba kitu ndiye astaajabiwaye. Mazoea hayo yanaweza kumpotosha. Katika hadithi hii kila kuku aliyekaangwa ni mkahawa ambao jamaa hawa hawataingia. Taylor hasemi hivyo wakati wa kupika. Aacha harufu ya chakula ijaze nyumba na mtoto afurahi, kisha, kurasa chache mbele, baada ya motokaa kuvuka kwenda kusini, aanza kuonyesha vibao penye mabomba ya maji, penye vyoo na penye mahoteli, na mtoto ajua kusoma. Tangu hapo msomaji arudi nyuma moyoni, alionje tena lile kapu, na utamu wake wabadilika. Huu ni ufundi mkubwa, na umefanywa kwa vitu vya jikoni tu.

Polisi waisimamisha Cadillac katika Mississippi. Hawasadiki kuwa mtu mweusi aweza kuwa na gari lile kwa haki. Wamtuhumu baba kwa wizi, wamchukua kituoni, na mama na watoto wangoja kwa saa nyingi. Hapa ndipo msomaji wa Tippu Tip ana jambo la kumfaa. Katika safari za bara hongo ilikuwa mzigo, na wafanya biashara waliilalamikia bila kuchoka. Lakini ilikuwa na kipimo. Mwenye nchi alitaja nguo kadhaa, mwenye msafara akataja chache, wakapatana, na njia ikafunguka. Aliyetoa alikuwa amekubaliwa kuwa ni mpita njia. Baba wa hadithi hii atoa fedha za faini, lakini hakununua njia. Hapana kiasi cha fedha ambacho kingemfanya akubaliwe kuwa mwenye gari lake, kwani gari lenyewe ndilo kosa. Aliyeruhusiwa kutoka kituoni saa moja iliyopita aweza kusimamishwa tena na polisi mwingine saa moja ijayo, na kisa chote kikaanza upya. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata ubusu. Baba hakuubusu, wala hakuweza kuukata, na Taylor amemweka hapo katikati kwa uaminifu, bila ya kumpa neno la kishujaa la kutamka.

Kisha waja usiku. Baba amechoka, hawezi kuendelea, na hapana nyumba itakayowapokea. Alaza kichwa ndani ya gari kando ya njia. Watoto waambiwa walale. Lakini 'lois akitoa kisu katika kapu la chakula, akishika mkononi, na kukesha ili amlinde baba yake. Hapana sehemu nyingine katika kitabu iliyo fupi hivi na nzito hivi. Kisu ni kile kile kilichopakiwa kwa ajili ya kukata keki. Mtoto ambaye asubuhi alidhani anakwenda kwenye tafrija sasa ameketi gizani akiisikiliza barabara, na mpangilio wa jamaa umepinduka: mdogo alinda, mkubwa alindwa. Taylor haongezi neno la kuueleza mpinduko huo, na amefanya vyema.

Ingalikuwa vizuri kama angalinyamaza vivyo hivyo mahali pengine. Baba ampa binti yake maelezo ya sheria za kusini, na kwa nini mambo yako hivyo, na matumaini yake kwamba siku moja yatakwisha. Hapana uongo katika maelezo hayo, wala baba wa kweli hangekosa kuyasema. Lakini kwa mtungaji yamekuja yamepigwa pasi, kama somo la mwalimu aliyejitayarisha, na msomaji aliyekwisha kukiona kisu hana haja nayo. Kesho yake jamaa warudi Memphis, Cadillac yaachwa kwa ndugu, na safari yaendelea kwa gari la kuazima lisilo na fahari. Wafika kwa babu na bibi. Baadaye baba aiuza Cadillac. Kuna wasomaji waonao kuwa huko ni kushindwa. Lakini aliyesoma kwa makini huona kwamba mama, aliyekataa kuipanda gari hiyo mjini kwao, aliipanda ilipokuwa inakwenda mahali pa hatari. Katika hesabu ya Taylor hilo lina thamani kuliko dhahabu ya rangi.

Curtis achukua njia nyingine, nayo ni njia ya kicheko. Akina Watson wa Flint wanayo Plymouth ya mwaka 1948, na wameipa jina la utani la bondia Joe Louis, Brown Bomber. Mwanafunzi asikipite kichekesho hiki bila ya kukifikiri. Joe Louis alizaliwa Alabama mwaka 1914 na kuletwa Detroit angali kijana mdogo. Gari lenye jina lake sasa lawarejesha watu wa Michigan kwenda Alabama, njia ile ile kinyumenyume. Mtungaji hakulieleza jambo hilo, na pengine hakuhitaji.

Msimulizi ni Kenny, mtoto wa miaka kumi hivi, mwenye makengeza katika jicho moja. Kaka yake Byron, wa miaka kumi na mitatu, amewashinda wazazi. Amenyoosha nywele kwa dawa, amecheza na viberiti mpaka mama akataka kumchoma vidole ili akome, na kila mama alipowasha kiberiti mdogo wao Joetta alikipuliza kikazimika. Basi wazazi waamua kumpeleka Byron kwa Bibi Sands, Birmingham, akae huko mpaka ashike adabu. Kisa hiki hakihitaji mfasiri katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Kumpeleka mtoto mtundu kwa bibi ni dawa ijulikanayo kutoka Lamu mpaka Songea, na msomaji wa huku hucheka mapema, kabla ya motokaa kuondoka, kwa sababu awajua mabibi. Naye hakosei: Kenny angojea vita kuu kati ya Byron na kikongwe yule mdogo wa mwili, na Byron asalimu amri mara moja.

Mama Watson ameiandika safari yote katika daftari: watakapokula, watakapolala, kwa siku ngapi. Baba amekwisha kuazimia kwa siri kuendesha bila kulala mpaka Birmingham, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Amenunua chombo cha kupiga sahani za muziki ndani ya gari, na kwa nyimbo na mizaha na sauti za kuigiza awashughulisha watoto, wakati daftari la mama likibaki kando. Mama akasirika; baba apiga mzaha mwingine. Ni rahisi kuisoma sura hii kuwa ni mchezo wa mume mkaidi na mke mwenye mpango, na ndivyo Kenny auonavyo. Hapo yatazamwe yale makengeza. Curtis amemchagua msimulizi ambaye jicho lake moja halitazami mbele, na katika safari nzima Kenny aona vitu vilivyo pembeni: mate ya Joetta aliyelala akimdondokea, harufu ya kitu cha kutia manukato garini, kidole cha baba juu ya usukani. Lililo mbele halioni. Mtu mweusi mwenye mke na watoto watatu, akielekea Alabama mwaka 1963, ana sababu za kutotaka kusimama zisizohusiana na ukaidi. Na mwanamke mzaliwa wa Alabama aliyeandika daftari la mahali pa kusimama, huenda daftari lake halikuwa la starehe pekee. Kitabu hakikuandika hivyo. Kimeziweka siri hizo mbili, ya baba na ya mama, katika kiti cha mbele, na kimeweka kicheko katika kiti cha nyuma.

Wahenga wa pwani walikataza mtu kusafiria nyota ya mwenziwe. Mtoto ndani ya gari la wazazi hana nyota nyingine. Hilo ndilo fungu lake, nalo ni fungu la raha: alala palipo na joto, na barabara hupita chini yake bila ya yeye kuulizwa. Curtis ajua raha hiyo, na ajua kuitunza isigeuke kuwa utamu wa kuchosha. Milimani Tennessee jamaa watoa mikono nje ya madirisha ili upepo wa usiku upite kati ya vidole, na kwa muda huo hapana Michigan wala Alabama. Lakini katika usiku huo huo gari lasimama mahali pa haja pasipo na taa, giza ambalo watoto wa mjini hawajapata kuliona. Kenny na Byron waingia vichakani. Byron amwambia mdogo wake kwamba Wazungu wa milima hiyo wangewakamata wakawanyonga, kisha wakawala. Kenny akimbia garini.

Hapo ndipo penye moyo wa hadithi, na hapo ndipo wengi waupotezapo. Mara nyingi imesemwa juu ya kitabu hiki kwamba ni vitabu viwili vilivyoshonwa kwa uzi mwembamba: sehemu kubwa ya visa vya kuchekesha vya nyumbani, kisha, kwa ghafula, bomu. Lawama hiyo ina mahali pa kusimama. Curtis mwenyewe ameeleza kwamba hapo mwanzo jamaa zake walikuwa wakienda Florida, na kwamba hakujua la kuwafanyia walipofika. Ndipo mwanawe alipoleta nyumbani shairi la Dudley Randall, Ballad of Birmingham, naye akaibadili njia yao. Msomaji ajuaye habari hiyo hushawishika kuutafuta mshono.

Lakini mshono upo usiku ule vichakani, na haukushonwa kwa haraka. Byron ameyataja maneno mawili pamoja, kunyonga na kula. La pili ni la hadithi za mazimwi; kila mtoto wa dunia amelisikia kutoka kwa kaka yake. La kwanza ni habari ya kweli ya nchi ile, iliyofanywa mchana mbele ya watu. Byron haonyeshi tofauti kati ya mawili hayo, labda kwa kuwa mwenyewe aogopa, na utisho ni njia ya kijana wa miaka kumi na mitatu kuificha hofu yake. Kenny naye hawezi kuzitenga. Tangu hapo hofu yake yatembea na zimwi upande mmoja na ukweli upande wa pili, na kila mara ashika mkono usio wenyewe.

Tazama yafuatayo. Bibi Sands awaonya watoto wasiende kuogelea mahali fulani penye maji yazungukayo na kumvuta mtu chini. Matamshi yake ya kusini ni mazito. Neno la Kiingereza la maji hayo lafika masikioni mwa watoto likiwa Wool Pooh, na Byron kwa mzaha asema huyo ni ndugu pacha mwovu wa dubu wa vitabu vya watoto. Kenny aenda, maji yamvuta, na katika kufa maji amwona: mtu wa kijivu asiye na uso. Byron amwokoa huku akilia. Sauti ya bibi isiyosikika vema, yaani umbali wa vizazi viwili na majimbo manne, imezaa zimwi. Na yote hayo yametokana na safari, kwani mjukuu aliyekulia jirani na bibi yake angalimwelewa.

Tarehe 15 Septemba, 1963, siku ya Jumapili, bomu lililipuka katika kanisa la Baptist la Mtaa wa 16, Birmingham, likawaua wasichana wanne: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson, wa miaka kumi na minne, na Denise McNair wa miaka kumi na mmoja. Waliolitega walikuwa watu wa Ku Klux Klan; wa kwanza kuhukumiwa alihukumiwa mwaka 1977, na wengine wawili mwaka 2001 na mwaka 2002. Katika hadithi Joetta amekwenda katika kanisa hilo asubuhi hiyo. Kenny aingia katika moshi, aona kiatu, na humo ndani amwona tena Wool Pooh. Zimwi aliloundiwa kwa mzaha limekuwa sura pekee aliyo nayo ya kumwonyesha nani amefanya jambo hili, maana waliolifanya hawakuonyesha nyuso zao. Neno la vichakani limetimia, lakini bila ya mlima, bila ya giza, mchana kweupe, kanisani. Kitabu kisingeweza kufika hapa kama kisingepita kule.

Joetta yu hai. Alitoka nje kwa sababu ya joto, akadhani amemwona Kenny akimpungia mkono, akamfuata. Hapa pana swali zito kuliko lile la mshono. Katika shairi la Randall mama ampeleka binti yake kanisani kwa kuwa ni mahali pa salama, na binti hakurudi. Curtis ametwaa msiba wa kweli wa jamaa nne, akauweka wake ndani yake, na wake akamtoa akiwa mzima kwa kivuli cha kaka yake. Je, ana haki hiyo? Mwenye kusema hana asidharauliwe. Muujiza wa namna hii, katika kitabu kilichoandikwa bila ya miujiza, una harufu ya mtungaji aliyeshindwa kumuua mtoto aliyempenda. Na mabinti wa kweli hawakupungiwa mkono na mtu.

Utetezi wake hauko katika tukio lenyewe bali katika gharama. Curtis ameyataja majina ya wanne hao katika ukurasa wa kukitabarukia kitabu, kabla ya neno la kwanza la hadithi. Kwa hiyo msomaji aingia garini na akina Watson akiwa amekwisha kuwapita. Tena aliyeokoka hakuachiwa furaha. Kenny arudi Flint akiwa amevunjika. Ajificha nyuma ya kochi, mahali ambapo paka na mbwa wa nyumba walikuwa wakienda wanapougua, na ajionea haya, kwani pale kanisani alikimbia akidhani kiatu ni cha dada yake. Wazazi, waliojua kufanya mzaha kilomita elfu na mia mbili, hawajui la kumwambia. Byron ndiye amtoaye, yule yule aliyemtisha vichakani, na sasa amwambia kwamba hapana zimwi lolote. Waliofanya hivyo ni watu. Neno hilo ni gumu kuliko lile la kwanza, nalo lasemwa kwa upole. Hivyo kitabu kilichodhaniwa kumfumba macho mtoto ndicho kilichomfumbua kwa mkono wa ndugu yake, na kimefanya hivyo vizuri zaidi kuliko maelezo ya baba katika hadithi ya Taylor, kwa kuwa Byron mwenyewe amekwisha kulipa kabla ya kunena.

Mtu atakayejaribu kukitia kitabu hiki katika Kiswahili atapata taabu. Mizaha ya Curtis imo katika lafudhi: kinywa cha Flint, kinywa cha Alabama, na baba anayeigiza vyote viwili. Kiswahili sanifu cha vitabu vya shule kitaizima yote. Pengine ingefaa Bibi Sands asemeshwe lahaja ya visiwani au ya pwani ya kaskazini na wajukuu wasemeshwe kama watoto wa mjini, ili kutoelewana kwao kuwe kwa kweli, na zimwi lizaliwe upya katika sikio la Kiswahili badala ya kuazimwa. Kwa Taylor kazi ni nyepesi zaidi. Lugha yake ni nyofu, na kisu ni kisu popote.

Jambo moja zaidi katika ujenzi wa Curtis halijapewa haki yake. Safari ya kwenda imeandikwa kwa kurasa nyingi, saa kwa saa, wimbo kwa wimbo, na mama na daftari lake. Safari ya kurudi ni njia ile ile, gari lile lile, watu wale wale, na chombo cha muziki bado kimo. Lakini haikuandikwa. Sura moja yawaacha Birmingham, na inayofuata yawakuta nyumbani, Kenny akiwa nyuma ya kochi. Jinsi baba alivyoendesha, kama walisimama au hawakusimama milimani, ni nani aliyenena na nani aliyelala, msomaji haambiwi hata kidogo.